Paka Wetu Amekataa Kuzoea

Nyumbani kwetu Buyenzi tuna paka anayeitwa Mkaguzi. Jina alilipata kwa tabia yake: hakuna sufuria inayofunikwa kabla hajaichungulia, wala mgeni anayeingia bila mfuko wake kunuswa. Zamani kazi yake ilikuwa nyepesi. Bibi akirudi kutoka soko la Ruvumera na ndagala, Mkaguzi alitoza kodi yake, akalala. Siku hizi bibi anarudi na lengalenga. Mkaguzi anayanusa, ananitazama, anayatazama tena, kisha analia mpaka majirani wanauliza tumemfanya nini.

Bibi humwambia, "Zoea, baba. Sisi sote tumezoea."

Neno hilo ndilo ninalogombana nalo leo.

Wiki iliyopita darasani tulijadili kupanda kwa bei. Mwenzetu mmoja akasema kwa uhakika kwamba wa kulaumiwa ni akina mama wauza samaki, eti wamejaa tamaa. Wengi wakaitikia. Mimi nikanyamaza, na ukimya ule unaniuma mpaka sasa, kwa sababu bibi yangu aliuza ndagala kabla magoti hayajamshinda, na ndagala hao ndio walionisomesha.

Basi nijibu sasa, ingawa nimechelewa. Ndagala huvuliwa usiku, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Wavuvi wengi huenda huko kwa injini, na injini hunywa petroli. Burundi haina bahari. Mafuta yetu mengi hushushwa Dar es Salaam, yakaja kwa malori, na hulipiwa kwa dola. Dola tunazipata hasa kwa kahawa, chai na madini, nazo hazitoshi. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na kwa bei rasmi dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Mama wa Ruvumera amekaa mwisho kabisa wa mnyororo huo, na beseni moja mbele yake. Kumlaumu yeye ni sawa na kumlaumu Mkaguzi kwamba ng'ombe hatoi maziwa.

Sikatai kwamba Tanganyika nalo limechoka. Tunavua humo pamoja na Kongo, Tanzania na Zambia, na nyavu zimekuwa nyingi kuliko samaki. Sikatai pia kwamba wako wanaoficha bidhaa ili bei ipande. Lakini anayeficha huhitaji kwanza upungufu, na upungufu haukutengenezwa na mwenye beseni.

Mtaniambia: mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo naipenda, ila inamhusu mtu mwenye mti. Sisi tunasubiri chini ya mti ambao hatujui unachumwa na nani. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria ziliondolewa katikati ya jiji la Bujumbura. Tukaambiwa basi lipo. Kisha basi likakosa mafuta. Madereva wakalala kwenye foleni za vituo, nasi tukajifunza kutembea. Rafiki yangu anayekaa Kanyosha hutoka nyumbani kabla ya jua, na bado siku moja alikuta mlango wa mtihani umefungwa. Mhadhiri hakumuuliza kitu. Nilipompa pole, alicheka: "Nimezoea." Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya katani. Mtihani ule ameukosa, na hapo sioni cha kuchekesha.

Kuzoea si ushujaa. Mtu akizoea, hata swali huacha kuuliza, na kosa ambalo haliulizwi hugeuka kuwa hali ya hewa: kama mvua, halina mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu tuache kumtukana mama mwenye beseni. Twende tukamuulize ananunua kwa bei gani, tuandike, tulete darasani. Tuulize kwa adabu lakini hadharani: mafuta yakiingia ni lita ngapi, na yanagawiwa kwa utaratibu gani? Nanyi walimu wetu, mnaotembea pia kama sisi, kabla ya kufunga mlango muulizeni anayechelewa ametoka wapi na kwa nini. Swali hilo halihitaji hata faranga moja.

Jana bibi alipata ndagala kidogo, wa kujaza kiganja tu. Akampa Mkaguzi watatu. Akala, akajilamba, kisha akarudi kusimama mbele ya bibi na kulia upya. Bibi akasema paka huyu hana shukrani.

Nikamwambia, "Bibi, shukrani anayo. Anakumbuka tu kwamba zamani walikuwa kumi."