Mtoto Umemwacha na Nani?

Nimeulizwa swali hili mara 9 ndani ya siku 4. Nilihesabu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye treni ya SGR, kabla hata hatujafika Pugu. Mama wa makamo aliyeketi pembeni yangu aliona picha ya binti yangu kwenye simu, akasifu mashavu yake, kisha akauliza: "Na umemwacha na nani, mwanangu?" Mara ya mwisho ilikuwa siku ya kufunga warsha huko Dodoma, tukiwa kwenye foleni ya kusaini posho, na muulizaji alikuwa mkuu wangu wa kazi. Katikati yao waliniuliza wafanyakazi wenzangu, dada wa mapokezi pale nyumba ya wageni, shangazi yangu kwa simu, na mwezeshaji wa warsha, ambaye aliuliza mbele ya watu wote ili kuchangamsha kikao baada ya chakula cha mchana.

Warsha ilikuwa na washiriki 22, na 13 kati yao walikuwa wanaume. Siku ya pili mezani nilimgeukia mmoja wao, baba wa watoto watatu, mdogo ana miezi 8. Nikamuuliza: "Kaka, na wewe watoto umewaacha na nani?" Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akanyamaza kidogo, akajibu: "Si wako na mama yao." Alijibu kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani.

Nina miaka 27. Mchana ni mhariri, jioni nasoma shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiswahili, na nina binti wa miaka 2 na miezi 4. Siku za vipindi natoka kazini saa 10 na nusu, naingia darasani saa 11, natoka saa 2 usiku, nagombania mwendokasi hadi Kimara. Nikifika, mtoto amelala au amegoma kulala. Tasnifu naiandika kuanzia saa 9 alfajiri, maana huo ndio muda pekee ambao hakuna anayenihitaji.

Watu wakisikia ratiba hii hunisifu. Wananiita jembe, mwanamke wa shoka. Wengine wanamalizia kwa maneno ya kwenye khanga: nani kama mama. Zamani sifa hizi zilinipa nguvu. Siku hizi zinanichosha, kwa sababu nimegundua kazi yake. Anayekuita jembe hana mpango wa kukupokea mpini. Anakusifu, anaondoka, na vyombo vinabaki palepale kwenye karai. Na ukianguka, walewale waliokuita shujaa ndio wa kwanza kuuliza: si alijitakia mwenyewe, kusoma kulikuwa na haraka gani?

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Ni methali tunayoitumia kwenye hotuba za harusi na kadi za mchango, lakini hatujawahi kuuliza kwa dhati: huo mkono wa pili ni wa nani?

Mume wangu ni mtu mwema na nampenda. Nasema mapema kwa sababu najua maandishi kama haya yanavyosomwa. Mwanamke akilalamika kidogo, watu wanaanza kutafuta kama ameachika. Hajaachika. Mwaka jana mtoto alipopata homa kali usiku, ni yeye aliyembeba kifuani hadi hospitali, na ni yeye aliyekaa macho mpaka asubuhi. Siku moja alimpeleka kliniki peke yake. Akina mama wa mtaani walizungumza wiki nzima. "Mwenzetu umepata mume!" Mimi nilikuwa nimeenda kliniki ile mwezi baada ya mwezi, tangu mtoto ana wiki chache, na hakuna aliyemwambia yeye kwamba amepata mke.

Ugomvi wetu mkubwa, mimi na yeye, ulitokana na neno moja. Alisema, kwa upole kabisa, "Lakini si huwa nakusaidia?" Nikamuuliza: unanisaidia nini? Mtu husaidiwa kazi yake. Jirani akikuchotea maji amekusaidia. Baba akimwogesha mwanawe hajamsaidia mtu, amemwogesha mwanawe. Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu aliamka, akamwandalia mtoto uji, hakusema neno. Kwetu sisi huo ndio msamaha, na niliupokea. Lakini neno "kusaidia" bado lipo, na halikuzaliwa nyumbani kwetu.

Limo hata kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku zisizopungua 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3! Kitovu hakijakauka, baba amesharudi ofisini. Kabla mtu hajaniambia kwamba wanaume ni wavivu kwa asili, naomba aisome hiyo hesabu vizuri. Tangu wiki ya kwanza baba anafundishwa kwamba yeye ni mgeni, na mgeni akishika ufagio lazima ashangiliwe.

Sheria hiyohiyo inataka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ni kifungu kizuri. Mimi nilikitimiza chooni, nikikamua maziwa nimesimama, nimeegemeza mlango kwa mguu kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu, kisha nikayahifadhi kwenye friji ya ofisi katikati ya soda za watu. Haki ilikuwepo. Kilichokosekana ni chumba, kiti na mtu wa kuona kwamba vinahitajika.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani ameshajua mwisho: wanaume wabadilike, ofisi zibadilike, basi. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka niliporudi kutoka Dodoma.

Nilifika nyumbani usiku nikiwa bado na hasira. Binti yangu alikuwa amelala. Dada wa kazi alikuwa anakunja nguo, nami nikakaa karibu yake nikaanza kumsimulia: treni, mwezeshaji, mkuu wangu. "Yaani dada, mara 9! Mtoto umemwacha na nani, mtoto umemwacha na nani!" Akacheka sana. Kisha akachukua nguo nyingine, akaikunja, akasema bila kunitazama: "Mimi sijawahi kuulizwa."

Ana miaka 22. Ana mtoto wa kiume wa miaka 5, yuko kijijini Singida kwa bibi yake. Nilijua kwamba ana mtoto. Siku ya kwanza alipokuja nilimuuliza, "Una mtoto?" na leo najua kwa nini niliuliza. Nilitaka kujua kama atakuwa mtu wa kuomba ruhusa kila mara. Sikuuliza jina lake. Sikuuliza yuko na nani. Hakuwa amemwona kwa miezi 11. Mimi niliyelia kwenye simu usiku wa pili Dodoma kwa sababu binti yangu hakutaka kuongea nami, nilikuwa naishi nyumba moja na mama huyu, na jambo hilo halikuwahi kunijia akilini.

Sisi tunaitana dada. Yeye ananiita dada, mimi namwita dada, na mwanangu naye anamwita dada. Ni neno zuri, ndiyo maana linaficha vizuri. Ndugu wa kweli ningejua jina la mwanawe. Na mfanyakazi wa kweli angekuwa na likizo. Sheria ile ya 2004 niliyoinukuu hapo juu kwa mbwembwe inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28, na haikumtenga anayefanya kazi jikoni kwangu. Tangu aje sikuwa nimempa hata siku 1. Nikitaka afanye kazi Jumapili, tulikuwa ndugu. Alipohitaji kwenda kwao, alikuwa mfanyakazi na mimi nilikuwa na mtihani.

Muhula uliopita tulisoma utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858 katika visiwa vya Lamu. Ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Darasani tulibishana kwa saa nzima kuhusu beti za mume: je, huu ni utiifu, au ni mbinu ya kuishi katika dunia ya wanaume? Mimi niliongea kuliko wote. Baada ya usiku ule wa nguo nilirudi kuusoma, nikakwama sehemu ambayo darasa zima tuliipita: pale mama anapomwonya binti asichanganyikane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kumbe ndani ya utenzi ule kulikuwa na watu wengine. Darasani tulikuwa wasomi wa masuala ya wanawake, tukiwatetea wanawake wa nyumba ile kwa sauti kubwa, na hatukuwaona.

Sisemi dada wa kazi ni mtumwa. Analipwa, na akitaka kuondoka anaondoka. Nasema kwamba macho yangu yalikuwa yamefundishwa kuruka sehemu ileile. Uhuru wangu wa kusoma, kusafiri na kuandika maneno makali kama haya umesimama juu ya mgongo wa mwanamke mwingine. Nikimdai mume wangu haki huku mimi mwenyewe nadaiwa na dada, basi sidai haki, natafuta nafuu yangu tu.

Kwa hiyo tulikaa, watu watatu, tukapanga. Wiki mbili za likizo kwa kuanzia, mshahara kamili na nauli ya kwenda na kurudi, na nyingine baadaye hadi siku zake zitimie. Halafu likaja swali lilelile: mtoto tutamwacha na nani? Wiki ya kwanza ikawa yangu, ya pili ya mume wangu. Mimi niliomba ruhusa, nikapewa kwa sura ya huruma. Mume wangu alipoomba, mkuu wake alimuuliza: "Kwani mke wako yuko wapi?" Alirudi nyumbani amevimba. Nilimwambia pole. Nikamwambia pia: umeulizwa mara 1.

Siombi swali hili lifutwe. Ni swali la haki kabisa, kwa sababu mtoto hajiachi mwenyewe. Ninachodai ni liulizwe kwa watu wote wanaohusika. Kaka anayesafiri, aulizwe. Mwajiri anayeita kikao saa 12 jioni, aulizwe. Chuo kinachopanga vipindi vya usiku na kujisifu kwamba kinawajali wanawake, kiulizwe watoto wa wanafunzi wake wako wapi saa hizo. Na sisi tuliosoma, tunaoandika kuhusu ukombozi wa mwanamke huku mtu mwingine anatuogeshea watoto, tumuulize yeye. Tuulize jina la mwanawe, yuko na nani, amemwona lini. Kisha tutoe siku zake na nauli, maana akiulizwa bila kupewa likizo, tutakuwa tumemwongezea uchungu tu.

Dada alirudi Jumapili jioni. Alikuja na dumu la mafuta ya alizeti na kuku mmoja wa kienyeji, zawadi yetu kutoka kwa mama yake, yaani yule bibi ambaye kwa miezi 11 alikuwa analea mjukuu ili mimi niweze kwenda Dodoma. Nilimpigia simu kumshukuru. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza naye.