Merikani: Neno Lenye Funzo la Viwanda

Maneno ya mkopo ni ushahidi wa biashara ya kale. Neno "merikani", yaani kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, latukumbusha kwamba bidhaa za viwanda vya Marekani ziliufikia mwambao wetu kabla ya reli na kabla ya utawala wa Mwingereza.

Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said. Wafanyabiashara wa Salem walileta nguo zilizofumwa Massachusetts, wakachukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ilisafishwa Salem ikatengenezewa vanishi. Pembe zilikatwa Connecticut zikawa vibonyezo vya piano. Wao waliuza kilichotengenezwa. Sisi tuliuza kilichookotwa na kuwindwa.

Haifai kuusifu ustawi huo bila kutaja jasho lililoujenga. Pamba ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na hapa Malindi mtama wa kuuzwa ng'ambo ulilimwa na watumwa vilevile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikatiza pamba hiyo, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi katika masoko yetu.

Hata hivyo, Marekani haikurudi nyuma. Mwaka 1875 kiwanda cha chuma cha pua cha Andrew Carnegie kilianza kazi huko Braddock, karibu na Pittsburgh. Reli zilizokuwa zikijengwa zilikipa soko, makaa ya mawe yalikuwa jirani, na ushuru mkubwa ulizuia chuma cha kigeni. Kabla ya karne kwisha, nchi hiyo ilikuwa imeipita Uingereza kwa utengenezaji wa chuma cha pua.

Je, sisi tumejifunza nini? Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichojengwa miaka ya 1970, kilisimama katika miaka ya 1990, na wakulima wakabaki mikononi mwa walanguzi. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi. Nia ilikuwa njema, lakini marufuku peke yake haijengi kiwanda. Ushuru wa Marekani ulifaa kwa sababu uliandamana na reli, mtaji, mafundi na wanunuzi wa hakika. Mkulima aliyekatazwa kumuuzia mgeni, na asiwe na kiwanda cha kumuuzia, ameongezewa mzigo tu.

Wala tusiseme kwamba viwanda haviwezekani kwetu. Mariakani, katika kaunti hii hii ya Kilifi, mabati yanatengenezwa, na barabara kuu ya Mombasa yapita hapo hapo.

Basi walimu na wanafunzi, mnaposoma habari za Carnegie katika vitabu vya historia, msiishie kukariri tarehe. Ulizeni korosho ya Kilifi inabanguliwa wapi, na ni nani anayelipwa ujira wa kuibangua.