Povu la Kuhami Joto: Tarakimu Moja Haitoshi

Katika Amerika ya Kaskazini wako watu wengi wapendao kufufua karavani kuukuu, yaani nyumba ndogo zenye magurudumu zikokotwazo na motokaa. Mashuhuri miongoni mwao ni zile za Airstream, kampuni iliyoanzishwa na Wally Byam katika miaka ya 1930. Ukuta wake ni mabati mawili ya alumini yaliyopigwa ribiti kwenye mbavu za alumini, na katikati mwake hutiwa nyuzi za kioo ili kuzuia joto. Miaka ikipita, nyuzi hizo hulowa, hushuka chini na kuwa makao ya panya. Hapo ndipo mwenye karavani huuliza: nitie povu gani badala yake?

Wengi hutazama tarakimu moja tu, ile ya upitishaji wa joto. Poliuretani ya kupulizia hupitisha kiasi cha wati 0.024 kwa mita kwa kila digrii ya Sentigredi. Polistirini ngumu ya vibao hupitisha kiasi cha 0.030. Kwa hiyo husema kwamba povu la kupulizia limeshinda. Isitoshe, hujaza kila upenyo na kushikamana na bati. Sifa hizo ni za kweli. Hata hivyo, sisi twaona kwamba uamuzi huo una kasoro.

Na tufanye hesabu. Chukua ukuta wenye povu la unene wa sentimita 4, na tofauti ya digrii 20 kati ya ndani na nje. Polistirini itapitisha wati 15 kwa kila mita ya mraba. Poliuretani, wati 12. Katika kuta za mita 20 za mraba, tofauti nzima ni wati 60, sawa na taa moja ya kizamani. Lakini dirisha la kioo kimoja, kwa tofauti ile ile, hupoteza wati zaidi ya 100 kwa kila mita ya mraba. Tena mbavu za alumini hupitisha joto mara elfu kadhaa kuliko povu lolote. Anayegombania wati 60 za povu huku akiacha mbavu na madirisha vivi hivi, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Jambo la pili ni maji. Karavani hutikisika njiani, ribiti hulegea, na mvua hupenya. Kibao kilichokatwa na kupachikwa chaweza kutolewa, mahali panapovuja pakaonekana na kuzibwa. Povu lililogandamana na bati huficha njia ya maji hadi plaiwudi ya sakafu ioze, na nyaya za umeme zilizozikwa humo hazifikiki tena. Ganda la alumini hudumu kwa sababu lafunguka na kutengenezeka. Tusiliondolee sifa hiyo.

Jambo la tatu ni moto. Poliuretani inapoungua hutoa monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni, gesi mbili za kuua. Polistirini nayo hulainika karibu na digrii 100 na huwaka. Chumba hiki ni chembamba na milango yake ni michache, hivyo povu lolote sharti lifunikwe na bati la ndani, wala lisiachwe wazi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: vibao vikatwe kufuata mzingo wa ukuta, mbavu zifunikwe kwa utepe wa povu, na viungo vizibwe ili mvuke wa ndani usifikie bati baridi na kuwa maji.

Walimu wa fizikia wataona hapa somo zuri. Wanafunzi wahesabu joto lipitalo ukutani, dirishani na kwenye mbavu, kila moja mbali, kisha ndipo wachague. Mwanafunzi aliyezoea kupima kitu kizima hatadanganywa na tarakimu iliyoandikwa juu ya sanduku.