Vifaranga vya Sato: Homoni Ina Siku Zake, Usiuziwe Dawa Iliyochelewa

Ndugu mfugaji wa samaki, uwe na kizimba ziwani Musoma au Bunda, au bwawa lako la udongo huko Butiama, kila msimu wa kupandikiza nasikia mambo mawili. Wafugaji wanauliza kama kuna dawa ya kugeuza majike kuwa madume wakiwa tayari bwawani. Wauzaji nao wanalalamika kwamba wateja wanaogopa sato wa kufugwa, eti amejaa homoni. Jibu la yote mawili liko kwenye umri wa samaki.

Kwa nini tunataka madume?
Sato dume hukua haraka kuliko jike. Jike hutumia nguvu zake kutengeneza mayai, kisha huyaatamia mdomoni kwa wiki moja hadi mbili bila kula vizuri. Bwawani matokeo yake ni vitoto vingi, chakula kinagombaniwa, na unavuna samaki wadogo wasio na bei. Kwenye kizimba mayai mengi hupotea kupitia matundu ya nyavu, lakini jike bado anabaki nyuma kwa uzito.

Homoni inafanya nini?
Kifaranga akianguliwa, mfuko wake wa mayai haujakamilika. Kwa jike, kimeng'enya kiitwacho aromatase hugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayoujenga mfuko huo. Kituo cha kuzalisha vifaranga huchanganya homoni ya kiume, methiltestosteroni, kwenye chakula cha siku 21 hadi 28 za mwanzo, tangu kifaranga anapoanza kula. Homoni hiyo hupunguza utengenezaji wa kimeng'enya, estrojeni inakosekana, na kifaranga anakua dume.

Siku hizo zikipita, mfuko wa mayai umeshajengeka. Vifaranga ulivyoletewa kwenye mfuko wa oksijeni, vyenye ukubwa wa kidole, vimeshavuka umri huo.

Msimamo wangu

1. Anayekuuzia dawa ya kutia bwawani ili majike wageuke, anakula hela yako. Fedha hiyo nunua chakula bora.

2. Usichanganye homoni nyumbani. Kipimo chake ni cha miligramu, na inaweza kumdhuru anayeishika bila glavu, hasa mama mjamzito. Hiyo ni kazi ya kituo chenye utaalamu na kibali.

3. Usiweke madume hao kuwa wazazi. Hapa wengi wanaumia. Karibu nusu yao ni majike kwa asili: sura na mbegu ni za dume, urithi ni wa jike. Ukimpandisha mmoja wao na jike wa kawaida, watoto wote wanatoka majike. Mbegu nunua upya kila msimu.

4. Kabla ya kulipa, uliza: walilishwa homoni siku ngapi, na walianza wakiwa na umri gani? Kituo kilipima vipi asilimia ya madume? Muuzaji asiyejibu, mwache. Hakuna kundi la asilimia 100, majike wachache watakuwepo. Wakifikia ukubwa wa kutambulika kwa tundu zao za chini, watenge kwa mkono.

Kwa wauzaji
Mwambie mteja ukweli. Homoni ilitolewa samaki akiwa hajafika hata gramu moja, ikasimamishwa, na mwili wake ukaitoa. Sato anayefika mezani baada ya miezi sita au zaidi amekula chakula cha kawaida tangu hapo. Ukikaa kimya, uvumi ndio utakaopanga bei yako.

Kifaranga cha bei rahisi kisicho na maelezo ndicho cha gharama kubwa kuliko vyote, maana utakilisha miezi sita ndipo ujue ulinunua nini. Ukiwa na shaka, mwite afisa uvuvi wa halmashauri yako aje kuvitazama kabla hujalipa.