Mzigo una mlinzi, trela haina

KANDO YA BARABARA KUU
Na Mwende Nzioka

Giza likiingia Kiboko, malori yaliyotoka Mombasa huanza kuacha lami moja moja. Nairobi bado iko kilomita 160 hivi mbele, macho yamechoka, na hapa kuna chai na chapati. Wazoefu hupaki makalio kwa makalio, mlango wa kontena hili ukikabana na mlango wa lile, ili asiwepo wa kuufungua usiku. Ni ujanja mzuri sana, lakini unalinda mzigo tu. Trela yenyewe ikibaki peke yake, kichwa cha lori kimekwenda gereji au kimeitwa kubeba shehena nyingine, inaachiwa Mungu.

Na trela huibwa kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani. Haina injini wala swichi. Chini ya pua yake kuna pini ya chuma, nyingi zikiwa na unene wa inchi 2. Kichwa hurudi nyuma taratibu mpaka pini inase, paipu za hewa zinachomekwa, waya wa taa unaunganishwa, miguu inapandishwa kwa mkono. Hewa ikijaa, breki zinaachia. Dereva aliyeizoea kazi hiyo huimaliza kwa dakika chache bila kuvunja chochote. Kipimo cha pini kilifanywa kimoja makusudi, ili kichwa cha Kampala kivute trela ya Mombasa bila shida. Kilichomfaa mfanyabiashara kimemfaa na mwizi.

Sasa tazama tulivyopanga ulinzi wetu. Mzigo unaokwenda Uganda au Rwanda hufungwa kwa lakiri ya kielektroniki ya KRA, chini ya mfumo wa pamoja wa ufuatiliaji ulioanzishwa mwaka 2017. Lori likiacha njia iliyoruhusiwa, au mlango ukiguswa, kengele inalia kwenye chumba cha ufuatiliaji na kikosi kinatumwa. Siwalaumu KRA, kwani wanalinda ushuru, na hiyo ndiyo kazi yao. Mwenye lori naye hufunga kifaa cha kufuatilia, lakini hukiweka kwenye kichwa, kwa sababu huko ndiko kuliko betri. Kichwa kikichomoka, kinaondoka na macho yote.

Hata sheria inafuata mkondo huohuo. Kanuni ya Adhabu inampa anayeiba bidhaa zilizo safarini, kutoka ndani ya chombo cha usafiri, kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Anayeiba gari hupewa hadi miaka 7, na wizi wa kawaida hadi 3. Trela iko wapi hapo? Sheria ya Trafiki imeitaja kwa jina lake, kando ya gari linalojiendesha kwa injini, kwa hiyo wakili mwerevu ana mahali pa kuanzia kubishana. Bunge lingeweza kuumaliza ubishi huo kwa kuongeza neno moja tu.

Wenye trela wasingoje Bunge. Huku Ukambani hakuna anayemwacha punda wa maji nje usiku bila kamba, halafu asubuhi amlaumu fisi. Ipo kufuli ya chuma inayovishwa pini, na kichwa hakiwezi kunasa mpaka itolewe. Ipo nyingine ndogo ya kuziba mdomo wa paipu ya hewa, ili breki zisiachie. Kipo pia kifaa cha kufuatilia chenye betri yake chenyewe, cha kufichwa kwenye chuma cha trela. Andika namba ya chasisi mahali pa pili unapopajua wewe peke yako, maana kile kibati chake hung'olewa kwa bisibisi. Ukijumlisha gharama zote hizo, hazifiki hata karibu na bei ya trela.

Anayenunua naye ana wajibu. Trela za Kenya zina namba zao zinazoanza na herufi Z, na zina hati za usajili kama gari lolote. Ukiletewa trela ya bei ya kutupa, imepakwa rangi juzi na karatasi “zinakuja kesho”, kagua chasisi, kisha uhakikishe kwa NTSA kabla ya kutoa hata shilingi. Kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi kunaweza kukufunga miaka 14, mingi kuliko ya mwizi wa trela mwenyewe.

Lakini neno langu kubwa ni kwa kaunti. Trela ikipotea, wa kwanza kulala seli ni dereva na utingo wake, watu waliokuwa wamesinzia kwa sababu mwili ulikataa kuendelea. Tunataka wapumzike ili wasituue barabarani, halafu tunawataka wakeshe walinde mali ya tajiri. Mambo hayo mawili hayawezekani kwa usiku mmoja.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maegesho na taa za barabarani. Kwa hiyo serikali ya Kaunti ya Makueni, kule Wote, haiwezi kusema hili ni la Nairobi. Ardhi kando ya barabara kuu iko chini ya KeNHA, na hilo ni jambo la kukaa meza moja na kukubaliana. Kinachohitajika Kiboko, na vilevile Emali na Makindu, ni uwanja wenye ukuta, taa, choo, na lango moja lenye mlinzi anayeandika namba ya kichwa na namba ya trela vinapoingia, na kuzilinganisha vinapotoka. Kichwa kisicholingana na trela kinazuiwa hapohapo mpaka mwenyewe apigiwe simu.

Dereva alipe ada ya usiku, na risiti aipeleke kwa bosi wake. Bosi atakayegoma kuirudisha ada hiyo asije siku moja akamkata dereva mshahara kwa trela ambayo yeye mwenyewe aliona haistahili kulindwa.