Kamera ya Binti: Lenzi, Mwanga na Kadi Ndogo

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja, na kila mara limeletwa na mzazi, si na binti mwenyewe. Mwana amemaliza shule, ana hamu ya kupiga picha, nasi tuna akiba kidogo. Je, tumnunulie kamera gani? Aghalabu swali hufuatwa na jina la kamera fulani ambayo binti ameiona mkononi mwa mpigapicha mwenye sifa, na bei ya kamera hiyo yatosha kumsomesha nduguye muhula mzima au zaidi. Jambo kama hili halijibiwi kwa neno moja.

Kwanza tutazame kwa nini kazi yenyewe ipo. Katika miji yetu ya pwani usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa, nywele hufunuliwa, dhahabu huvaliwa, vugo hupigwa, na simu huzuiwa mlangoni. Mwanamume hana njia ya kuingia humo hata akiwa na kamera bora kuliko zote mjini. Anayeingia na kamera ni mmoja tu, naye hana budi kuwa mwanamke ambaye mama wa bi harusi anamwamini. Hiyo ndiyo riziki tunayoizungumzia. (Wanazuoni wana kauli zao juu ya picha, na mwenye kuona uzito amwendee shekhe wake. Sisi hapa twasema na familia ambazo zimekwisha kukata shauri.)

Basi kamera ya binti huyu itafanya kazi usiku, ndani ya ukumbi au hema, chini ya taa za rangi, mbele ya watu wasiotulia. Ukishalijua hilo, nusu ya maswali yamejijibu. Twashauri fedha nyingi ziende kwenye lenzi na taa, na chache ziende kwenye kamera yenyewe. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Huchukua kamera ya bei kubwa pamoja na ile lenzi inayouzwa nayo sandukuni, kisha hustaajabu kwa nini picha za ukumbini zina chembechembe na nyuso zimevurugika.

Sababu yake yaonekana kwenye maandishi yaliyochorwa mbele ya lenzi. Ile ya sandukuni mara nyingi huandikwa 18-55 na kando yake 3.5-5.6. Nambari hizi za mwisho ni kipimo cha kitundu cha kupitishia mwanga, na mpango wake ni wa kinyume: nambari ikiwa ndogo, kitundu ni kipana. Sasa itazame lenzi ya milimita 50 yenye nambari 1.8, ambayo Canon, Nikon na Sony wote huitengeneza, nayo ni miongoni mwa lenzi zao za bei nafuu kabisa. Kitundu chake hupitisha mwanga karibu mara kumi ya kile cha 5.6. Mara kumi! Kamera kuukuu yenye lenzi hii itaona ukumbini kitu ambacho kamera mpya yenye lenzi ya sandukuni itakipapasa gizani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuishi Misri miaka elfu moja iliyopita, alikwisha kueleza jinsi mwanga unavyopenya kitundu na kuchora sura ya kilicho nje ndani ya chumba chenye giza. Kamera zimebadilika mno tangu wakati huo, lakini habari bado ni ya kitundu na mwanga.

Kuna la kuzingatia, hata hivyo. Kamera za bei ya chini huwa na kipokea mwanga kidogo, cha milimita kama 24 kwa 16, ilhali zile kubwa zina 36 kwa 24. Katika kamera ndogo lenzi ya 50 huona eneo finyu, kana kwamba ni ya 75 au 80. Ukumbini hilo ni jema, maana uso wa bi harusi utaupata vizuri kutoka mbali kidogo. Lakini katika chumba cha nyumba ya Mji wa Kale, ambacho urefu wake ni hatua chache, utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta na shangazi watatu watakuwa bado hawajaingia pichani. Kwa vyumba hivyo lenzi ya milimita 35 yafaa zaidi. Binti akiweza kununua moja tu, na ajiulize kazi zake za mwanzo zitakuwa wapi.

Ama kuhusu kamera yenyewe, huu ni wakati mwema kwa mwenye mfuko mwepesi. Tangu 2018, Canon na Nikon walipoanza kufuata kwa nguvu njia ya kamera zisizo na kioo ndani, wapigapicha wengi wamekuwa wakiuza zile zao za zamani zenye kioo, na kamera hizo hazijapoteza uwezo wake kwa sababu ya kuuzwa. Mpya zina faida zake. Huonyesha kabla ya kubofya jinsi picha itakavyotoka, na zaweza kupiga bila sauti, jambo lenye adabu wakati wa nikaha au darsa. Lakini huo upigaji wa kimya, chini ya baadhi ya taa za LED, huacha mistari ya giza kwenye picha. Binti aujaribu siku nyingine, si usiku wa kazi.

Ukinunua ya mkono wa pili, uliza imekwisha kubofywa mara ngapi. Kamera nyingi za ngazi ya chini zimepimwa kwa mibofyo kama 100,000, na sherehe moja hula 1,000 hadi 2,000. Hesabu mwenyewe ni arusi ngapi zilizobaki. Kisha iinue lenzi, umulike tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui mdogo, hiyo ni kuvu, iache hapo hapo dukani. Unyevu wetu na chumvi ya bahari ni maadui wa vioo. Nyumbani kamera ikae ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu, navyo vibadilishwe vikichoka. Na kamera ikitoka kwenye chumba chenye baridi ya mashine kuingia joto la nje, ibaki mkobani kwanza mpaka ipate joto, ama sivyo lenzi itatoka jasho wakati bi harusi anashuka garini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya kamera haviligusi ipasavyo, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Kamera haijui nguo. Hupima mwanga uliopo mbele yake na kudhani kwamba dunia nzima, kwa wastani, ni ya rangi ya kijivu. Mweke mbele yake mama aliyevaa buibui jeusi, kamera itafikiri pana giza, itaongeza mwanga, na buibui litatoka kijivu huku uso ukiungua kwa weupe. Mweke bwana harusi katika kanzu nyeupe, nayo itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na kanzu iliyopigwa pasi tangu alfajiri itaonekana kama haikufuliwa. Dawa yake ni kitufe kidogo chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa buibui jeusi lililojaa pichani, toa kama kiasi kimoja. Kwa kanzu nyeupe, jumlisha kiasi hicho. Na wawili hao wakisimama pamoja? Hapo kamera isiachiwe uamuzi. Binti apime kwa uso, kisha afungie kipimo hicho. Akilijua hili peke yake atakuwa mbele ya wengi wanaobeba kamera ghali zaidi.

Taa ya flashi nayo haipendezi ikielekezwa usoni moja kwa moja. Hugeuzwa juu, ili mwanga ugonge dari na kurudi ukiwa laini. Lakini tazama dari kwanza. Hema lenye kitambaa chekundu litarudisha nyuso nyekundu, na dari ya boriti za mikoko, kwa weusi wake, haitarudisha cha maana. Mahali kama hapo ukuta wa chokaa ulio ubavuni ndio msaada.

Wapo mabinti ambao vifaa wanavyo, tena vizuri, lakini wamekaa navyo nyumbani wakilalamika kwamba hawana la kupiga. Wanasema wanasubiri ilhamu. Twaona ilhamu huja kwa mtu ambaye tayari ameshika kazi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya Box Brownie, kisanduku ambacho leo hata mtoto angekicheka. Huyo ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, na ambaye pia alitengeneza kitabu cha picha za Hija. Alipopoteza mkono mwaka 1991 katika mlipuko wa Addis Ababa, alirudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea mpaka mauti yalipomkuta katika ajali ya ndege mwaka 1996.

Karibu zaidi na nyumbani, N. V. Parekh alikuwa na studio Mombasa kuanzia miaka ya 1940, na picha zake za watu wa mji huu zimekuja kuonyeshwa hata ng'ambo. Zikipatikana katika makabati ya nyanya zetu picha za studio za enzi hizo, zikaliwe nazo kitako. Tazama taa imetoka upande gani. Tazama mikono imewekwaje, maana mkono usio na kazi huharibu picha. Tazama jinsi pazia moja lilivyotosha kwa mamia ya wateja, kwa kuwa mpigapicha alishughulika na mtu, si na pazia.

Mazoezi yapo ndani ya nyumba. Dirisha moja, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kidaka ukutani chenye birika la shaba. Mikono ya mama mkubwa akisuka ukili, au ya ami akishona kofia ya vito. Binti ajipe juma zima kwa dirisha hilo moja na lenzi moja. Nje, ajue kwamba huku kwetu karibu na ikweta jua huzama upesi, na ule mwanga wa dhahabu haumsubiri mtu. Anayetaka ukuta wa Fort Jesus ung'are awe amekwisha kufika. Na kwa mazoezi ya jinsi ya kupanga vitu pichani, simu aliyonayo yatosha kabisa. Simu haina makosa ila ukumbini, ambako hairuhusiwi, na kwa sababu nzuri.

Sababu hiyo ndiyo iliyotufanya tuiandike makala hii. Picha ya mwanamke aliyevua buibui akiwa na shoga zake ni amana, na amana hiyo hukaa juu ya kadi ndogo tu. Wengi hudhani kwamba picha ikifutwa imeondoka. Haikuondoka. Kamera huifuta orodha tu. Picha zenyewe hubaki mpaka zifunikwe na nyingine, na programu za kuzirudisha hupatikana kwa urahisi. Hata kule kuisafisha kadi yote kwa mara moja mara nyingi ni kufuta orodha tu. Kwa hiyo kadi ya kazi haiazimwi, haiuzwi pamoja na kamera, wala haiendi kwa fundi. Kompyuta ifungwe kwa nywila na diski isimbwe. Kamera isiunganishwe na simu, kwa sababu simu nyingi huzipeleka picha kwenye hifadhi za mtandaoni zenyewe, bila kumuuliza mtu. Tena kadi ziwe mbili, na kamera yenye nafasi ya kadi mbili ina thamani ya kuongezewa fedha, maana kadi nayo hufa, na usiku wa kupamba haurudiwi.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia yamhusu binti huyu. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake, na ya mtoto yahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Hivyo hawezi kubandika picha za arusi popote ili kujitangaza, na hapa huuliza: basi wateja watanijuaje? Watamjua kwa mikono yenye piko na hina, kwa ruhusa ya mwenye mikono. Kwa gauni lililotundikwa mlangoni kabla ya kuvaliwa, kwa mkufu juu ya kitambaa, kwa vikuba na asumini ndani ya sinia, kwa sinia la biriani kabla halijaguswa. Haya ndiyo aliyokuwa akiyafanyia mazoezi pale dirishani.

Na kabla ya kila kazi, iandikwe karatasi kwa Kiswahili, mistari michache: nani atakabidhiwa picha, zitakabidhiwa kwa njia gani, mpigapicha atabaki na ipi, na zitafutwa kwa kufunikwa tarehe ngapi. Bi harusi atie saini, na mamake ashuhudie. Nakala moja ibaki kwao, nyingine iingie mkobani, kando ya betri ya akiba.