Kistari na Mkato katika Vipimo vya Kiingereza

Mwanafunzi mmoja ametuuliza kama kile kistari kifupi kiunganishacho maneno ya kipimo katika Kiingereza kina faida yoyote. Kina faida, nasi tumeijua kwa aibu.

Parokia yetu ilihitaji mbao 20 za viti vya kanisa, kila ubao wa meta 2. Muuzaji alikuwa Uganda, basi sisi tukaombwa kuandika barua. Tukaandika «twenty two metre planks», bila kistari hata kimoja. Zikaja mbao 22, kila moja ya meta 1. Padri alizitazama asiseme neno. Fedha zilikuwa sadaka za waamini. Tulimlaumu muuzaji, hata tukaisoma tena barua yetu. Yeye alikuwa ameisoma «twenty-two metre planks», wala hakukosa. Ilitupasa kuandika «twenty two-metre planks», ili kistari kishike kipimo, na hesabu ya mbao isimame peke yake. Tena tungaliandika «twenty-two-metre planks», tungaliagiza mbao za meta 22! Iliyo salama kupita zote ni kuandika hesabu kwa tarakimu: «20 two-metre planks».

Kistari huwekwa pale kipimo kinapotangulia jina, na hapo «metre» haipokei herufi ya wingi. Kipimo kikija nyuma, kistari chaondoka na wingi warudi: «the planks are two metres long».

Mkato nao una hatari yake. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, tukiona 1,500 kg, twaelewa kilo moja na nusu; Mwingereza aelewa kilo elfu moja na mia tano. Kilo moja na nusu yeye huiandika kwa nukta, 1.5 kg. Muuguzi asomaye maandishi ya dawa zilizotoka ng'ambo ya mpaka na atazame mara mbili. Mkutano Mkuu wa Vipimo wa mataifa, mwaka 1948 na tena mwaka 2003, uliruhusu mkato au nukta mbele ya sehemu za desimali. Bali tarakimu tatu tatu zitengwe kwa nafasi tupu, hivi: 1 500.

Zile mbao fupi seremala amezifanya viti vya watoto wa katekisimu. Zile ndefu tungali tukizilipia.